Kodi na Askari chini ya Mlima wa Ndara: Manung'uniko ya Taita kabla ya Uhuru

Katika vitabu vingi vya historia ya Kenya, habari za kodi ya kikoloni huwekwa katika sura ya uchumi, na habari za majeshi huwekwa katika sura ya vita, kana kwamba mkusanyaji wa kodi na askari mwenye bunduki walikuwa watumishi wa serikali mbili zisizojuana. Eneo la Ndara, yaani mlima ambao leo wengi huujua kwa jina la Sagalla pamoja na tambarare zinazouzunguka hadi mji wa Voi, linaonyesha kuwa mgawanyo huo hauna msingi, kwa sababu hapo reli, kambi, kodi na amri ya kufanya kazi vilifika kwa njia moja na kushikiliwa na mkono mmoja. Mazungumzo haya yanaeleza jinsi manung'uniko ya watu wa Taita yalivyokua kuanzia miaka ya 1890 hadi mkesha wa vita vya Mau Mau, vita ambavyo wanahistoria bado wanabishana kama viitwe uasi, ukombozi au mapinduzi. Na yanatoa hoja kwamba kilichowachoma watu hao zaidi ya ukubwa wa kodi ni kutozwa na mamlaka ambayo haikuwauliza neno, haikuwarudishia kitu, na kila ilipoulizwa ilijibu kwa askari.

Ni vyema kuanza na ukweli ambao maafisa wa kikoloni hawakupenda kuukiri, kwamba watu wa Taita walikuwa wakitoza ushuru muda mrefu kabla ya kutozwa. Misafara ya biashara iliyotoka Mombasa kwenda bara ililazimika kuvuka nyika ya Taru, eneo la miiba na ukame lisilo na maji ya kutegemewa, na baada ya kupita Maungu ilifika Ndara ikiwa imechoka na yenye kiu, ikitafuta maji, nafaka, kuku na mbuzi kabla ya kuendelea kuelekea Ndi na mto Tsavo. Kwa ajili ya kupita na kupumzika salama misafara ilitoa hongo, neno ambalo zamani zile lilikuwa na maana ya ushuru wa njia uliolipwa kwa wenyeji kwa nguo, shanga au waya, na ambao kiasi chake kilipatanwa kati ya kiongozi wa msafara na wazee wa mahali. Hongo ilizusha ugomvi mara kwa mara, na wapo wenyeji waliopora na wasafiri waliopora pia. Lakini msingi wake ulieleweka na pande zote mbili, kwamba anayelipa anapata maji, chakula na usalama, na kwamba asiyeridhika na kiasi ana nafasi ya kubishana.

Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888 chini ya uongozi wa William Mackinnon, ilikuja na fikra nyingine kabisa. Kwa maoni ya maafisa wake njia ya kwenda Uganda ilikuwa mali ya Kampuni, na mwenyeji aliyedai ushuru alihesabiwa kuwa mnyang'anyi. Kampuni iliweka kituo huko Ndi, na haikuchukua muda kabla ya kugongana na Mwangeka wa Mwanda, kiongozi wa vita ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1890 alipigana na kikosi cha Kampuni milimani, na ambaye jina lake linaheshimiwa Taita mpaka leo kama la mmoja wa watu wa mwanzo kuupinga utawala wa Waingereza kwa silaha. Mapigano hayo yalipokwisha hongo ilikwisha nayo, na mlango ukafunguka wa malipo yaliyokwenda upande wa pili.

Serikali ya Uingereza ilichukua nchi kutoka mikononi mwa Kampuni mwaka 1895, mwaka uliofuata kazi ya reli ikaanza Mombasa, na kufikia mwisho wa mwaka 1897 vyuma vilikuwa vimefika Voi, chini kabisa ya mlima wa Ndara. Reli hiyo ilipunguza thamani ya misafara ya miguu, kwa hiyo ikaondoa soko la zamani la chakula na maji, na wakati huohuo ikatwaa ukanda wa ardhi pande zote mbili za njia yake. Mabadiliko hayo yaliangukia miaka mibaya, kwa kuwa kati ya 1897 na 1900 ukame na njaa viliipiga Ukambani na sehemu kubwa ya Pwani na nchi za nyuma yake, tauni ya ng'ombe ikiwa imepita miaka michache tu kabla yake. Watu walikuwa hawajarudishia mifugo na ghala zao hali ya awali serikali ilipotangaza kodi.

Kodi ya kwanza ilikuwa kodi ya nyumba, iliyowekwa kwa kanuni za mwaka 1901 na kuimarishwa kwa sheria ya mwaka 1903 iliyoruhusu kutozwa hadi rupia 3 kwa kila nyumba. Rupia ilikuwa sarafu ya fedha ya Kihindi iliyotumika Afrika Mashariki wakati huo, na mkulima wa mlimani hakuwa na njia ya kuipata isipokuwa kwa kuuza mazao au mifugo, au kwa kuuza nguvu za mikono yake. Kwa kuwa kilichohesabiwa kilikuwa nyumba, si mtu, mwanamume mwenye wake wawili kila mmoja na nyumba yake alilipa mara mbili, na mwana aliyemjengea mama yake mjane alibebeshwa mzigo wa nyumba ile pia. Ndiyo maana katika wilaya nyingi watu walibanana katika nyumba moja ili kuepuka kuhesabiwa. Serikali ililiziba pengo hilo mwaka 1910 kwa kodi ya kichwa, yaani kodi ya mwanamume mzima asiye na nyumba yake mwenyewe, na hivyo kijana ambaye hakuwa na shamba wala mke akawa na deni kwa serikali kwa sababu tu alikuwa hai na amefikia umri.

Kodi hizo zilikuwa na makusudi mawili. La kwanza lilikuwa kupata fedha za kuendeshea utawala, na la pili, ambalo walowezi na maafisa walilisema waziwazi katika magazeti na mabaraza yao, lilikuwa kuwatoa wanaume majumbani wakafanye kazi ya mshahara. Taita ilikuwa imekaa mahali pabaya kwa kusudi hilo la pili, kwa kuwa chini ya milima yake kulifunguliwa mashamba makubwa ya mkonge Voi na Mwatate, na baadaye katika nchi ya Taveta, na mashamba hayo yalihitaji wakataji wa majani wasiokoma. Bei ya kazi haikupanda ili kuwavuta watu; badala yake kodi ilipanda ili kuwasukuma, na chifu aliyeteuliwa na serikali, ambaye mwenyewe alipimwa kwa wingi wa kodi na wingi wa vibarua aliowatoa, akawa ndiye anayebisha hodi. Aliyeshindwa kulipa aliweza kuchukuliwa mbuzi wake, au kufanyishwa kazi mpaka deni liishe.

Jinsi kodi ilivyofungamana na bunduki ilionekana kwanza kwa jirani. Mwaka 1913 serikali iliwataka Wagiriama walipe kodi kwa ukamilifu, watoe vijana kwa kazi na kuhama kutoka ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki, na mwanamke aliyeitwa Mekatilili wa Menza akazunguka akiwaapisha watu wasitii. Alikamatwa na kupelekwa Kisii, mbali na Pwani, akatoroka na kurejea. Kaya kuu, yaani makao matakatifu ya Wagiriama, ililipuliwa kwa baruti mwaka 1914, na mwezi Agosti mwaka huohuo askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la askari Waafrika chini ya maafisa Wazungu ambalo wananchi waliliita Keya, wakaingia kuchoma nyumba na kutwaa mifugo, kisha Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000. Ndivyo kodi iliyokataliwa ilivyogeuka faini kubwa kuliko kodi yenyewe. Habari za namna hiyo hazikuhitaji gazeti ili kufika Taita, kwa kuwa reli na barabara ya Mombasa zilikuwa zimejaa wapita njia.

Mwezi uleule wa Agosti 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilifika katika nchi ya Taita yenyewe, pale Wajerumani kutoka upande wa Moshi walipoiteka Taveta, wakaweka ngome katika kilima cha Salaita na kuanza kutuma vikosi vidogo kuvunja reli kati ya Voi na Tsavo. Voi, ambayo hadi hapo ilikuwa kituo cha treni na soko dogo, iligeuzwa kuwa mji wa majeshi, na mwaka 1915 ikajengwa reli mpya ya kijeshi kutoka Voi kuelekea Maktau na Mbuyuni, huku maji ya vijito vya milimani upande wa Bura yakivutwa kwa mabomba kuwanywesha askari na wanyama wao tambarareni. Kambi zilijaa Waingereza, Wahindi, Warodesia, Waafrika Kusini na Keya, na tarehe 12 Februari 1916 kikosi cha Waafrika Kusini kilishambulia Salaita na kurudishwa nyuma kwa hasara kubwa, kabla ya Jenerali Jan Smuts kuivuka mipaka mwezi Machi na vita kusogea kusini. Makaburi ya vita yanayotunzwa Voi, Maktau na Taveta yanawakumbuka wanajeshi hao, lakini hayasemi mengi kuhusu gharama waliyolipa wenyeji.

Gharama hiyo ilikuwa ya namna mbili. Ya kwanza iliwapata watu wa Kasigau, kilima kilicho kusini-mashariki mwa Ndara, ambao mwaka 1915 walishukiwa kuwaonyesha Wajerumani njia na mahali pa maji, wakahamishwa wote kwa pamoja, wanawake, wazee na watoto wakiwemo, na kupelekwa Malindi. Watu waliozoea hewa ya mlimani walitupwa katika pwani ya joto na malaria, wengi wakafa huko, na waliosalia hawakuruhusiwa kurudi kuishi katika kilima chao mpaka katika miaka ya 1930. Hakuna mahakama iliyowasikiliza, wala haikuulizwa kama kijiji kizima kinaweza kubeba kosa la wachache, kama kosa lenyewe lilikuwapo.

Gharama ya pili ilikuwa Kariakoo, jina ambalo wananchi walilipa jeshi la wapagazi, yaani wanaume waliochukuliwa kubeba mizigo, risasi na chakula cha askari katika nchi isiyo na barabara. Sheria ya mwaka 1915 iliruhusu kuwaandikisha kwa nguvu, na mwaka 1917 serikali ikaendesha zoezi kubwa la kukusanya wanaume kwa mkupuo. Kumbukumbu rasmi za upande wa Waingereza zilihesabu vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000, wengi wao wakiuawa na maradhi ya tumbo, homa na njaa, si na risasi, na mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao. Uchungu zaidi ulitokana na kwamba katika miaka hiyohiyo kodi haikusimamishwa, bali iliongezwa, hata familia iliyomtoa mwanamume akafie porini ikaendelea kudaiwa kwa ajili ya nyumba aliyoiacha.

Baada ya vita hesabu ilizidi kuwa nzito. Kuanzia mwaka 1919 kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa kufanya kazi alilazimika kubeba kipande, cheti cha utambulisho chenye alama za vidole na maelezo ya mwajiri wake, ambacho kilitiwa katika kikopo cha chuma na kuning'inizwa shingoni, na asiyekuwa nacho aliweza kufungwa. Sarafu ilipobadilishwa kutoka rupia kwenda florini na kisha shilingi, kodi ilifika shilingi 16 mwaka 1921, huku walowezi wakikubaliana kupunguza mishahara kwa thuluthi moja. Mwanasiasa Harry Thuku alipokamatwa Nairobi mwezi Machi 1922 kwa kuyapinga hayo, polisi walifyatua risasi katika umati uliokusanyika kumdai na kuua watu wasiopungua 21, kisha kodi ikashushwa hadi shilingi 12. Serikali haikueleza uhusiano wa mambo hayo mawili, ila wananchi waliweza kuuona wenyewe, na funzo walilolipata halikuwa zuri kwa amani ya nchi, kwamba ombi la maneno matupu halishushi kodi.

Hapa panafaa mlinganisho na historia ya Marekani, ambako makoloni 13 ya Uingereza yalianza kugombana na London kwa sababu ya Sheria ya Stempu ya mwaka 1765, yaliona majeshi yakiteremka Boston mwaka 1768, na yalishuhudia askari wakiua raia watano mjini humo tarehe 5 Machi 1770, miaka mitano kabla ya vita vya mapinduzi kuanza. Hoja ya watu wa makoloni yale ilikuwa kwamba Bunge ambalo hawakulichagua halina haki ya kuwatoza, na kwamba jeshi linalowekwa mjini wakati wa amani ni la kuwatisha wanaolipa. Hoja hizo mbili zinaifaa Taita neno kwa neno, lakini hali hazikuwa sawa, kwa kuwa watu wa Boston walikuwa na baraza lao la kutunga sheria za jimbo, magazeti yao na wanasheria wao, ilhali mtu wa Ndara hakuwa na hata kimoja. Baraza la Kutunga Sheria la Kenya lilianza mwaka 1907, walowezi wakapewa haki ya kuchagua wajumbe wao mwaka 1920, na Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, hakuingia humo mpaka mwaka 1944, tena kwa kuteuliwa. Kwa zaidi ya miaka 35 Waafrika walilipa kodi ya baraza ambalo hawakuwa na kiti ndani yake, na mabaraza ya wenyeji yaliyoanzishwa wilayani kuanzia mwaka 1924 yaliongozwa na Mkuu wa Wilaya mwenyewe na kutoza ushuru mwingine juu ya ule wa serikali kuu.

Manung'uniko hayo yalipata sura ya chama mwishoni mwa miaka ya 1930, kilipoanzishwa Chama cha Milima ya Taita, ambacho miongoni mwa viongozi wake walikuwa Woresha Kitao Mengo na Jimmy Mwambichi. Wakati huo suala la kodi lilikuwa limekwisha kuunganika na suala la ardhi, kwa sababu mtu anayedaiwa fedha kila mwaka anahitaji shamba la kumpa fedha hizo, na mashamba mazuri ya Wundanyi yalikuwa yamemilikishwa walowezi wa kahawa, tambarare za chini zikiwa mikononi mwa makampuni ya mkonge na ardhi ya serikali. Serikali ilipozungumzia kuwahamisha watu kutoka milimani kwa kisingizio cha kuokoa udongo, na ilipowataka wafanye kazi za lazima za kuzuia mmomonyoko, chama kilipata wafuasi haraka, kikaandika maombi, kikafanya mikutano na kushirikiana na Chama Kikuu cha Wakikuyu na chama cha Wakamba kilichopinga kupunguzwa kwa mifugo mwaka 1938.

Inafaa kusisitiza kwamba chama hicho hakikushika silaha. Kilidai kwa barua na ujumbe, njia ambayo serikali yenyewe iliisifu kuwa ya kistaarabu, na jibu lilikuja mwaka 1940 chini ya kanuni za ulinzi za wakati wa vita, wakati majeshi ya Italia yalipokuwa Ethiopia na Somalia, mpakani mwa Kenya. Chama cha Taita, cha Wakikuyu na cha Wakamba vilipigwa marufuku kwa pamoja, viongozi wao wakakamatwa na kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa mahakamani, serikali ikidai kwamba walikuwa na mawasiliano na ubalozi mdogo wa Italia. Kwa namna hiyo kosa la Kasigau la mwaka 1915 lilirudiwa, kwa maana kwamba lalamiko la ndani ya nchi lilipewa jina la usaliti kwa adui wa nje, na hofu ya kijeshi ikatumiwa kufunga mjadala wa kodi na ardhi.

Kilichofuata kilionyesha hasara ya mbinu hiyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walianza kujenga ghala kubwa la jeshi huko Mackinnon Road, kwenye njia ya reli kati ya Mombasa na Voi, mahali panapobeba jina la mwenye Kampuni ile ya mwaka 1888, wakakusudia liwe akiba yao baada ya kuondoka India na kutotegemea tena Misri. Mpango ukaachwa na majengo yakabaki. Mwaka 1948 eneo kubwa la nyika ya Taita likatangazwa kuwa Mbuga ya Taifa ya Tsavo, na malisho na njia za uwindaji zikafungwa. Hali ya hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 kwa sababu ya Mau Mau, na hasa baada ya msako mkubwa wa Nairobi wa Aprili 1954, majengo ya Mackinnon Road yaligeuzwa kambi ya kizuizi, na kaskazini mwa Voi ikafunguliwa kambi ya Manyani, kubwa kuliko zote, ambayo kwa kipindi kimoja ilishikilia zaidi ya watu 16,000. Wataita kwa wingi wao hawakuingia msituni, lakini nchi yao ikawa jela ya waliokuwa wameingia na ya wengi walioshukiwa tu.

Ukiufuata mfululizo huo tangu hongo hadi Manyani, inaonekana kwamba serikali ya kikoloni ilikuwa na nafasi nne za kujibu swali moja la watu wa Taita, nalo ni nani anayeamua kiasi, na kilicholipwa kinarudi wapi. Ilipewa nafasi hiyo na Mwangeka njiani, na watu waliobebeshwa mizigo ya vita, na vilio vya mwaka 1922, na barua za Chama cha Milima ya Taita, na mara zote nne ilitafuta askari badala ya jibu. Wanaodhani kwamba mapinduzi huzaliwa na umaskini peke yake hawawezi kueleza kwa nini Kenya ilitulia katika miaka ya njaa na kuwaka katika miaka ambayo bei za mazao zilikuwa zinapanda; lakini anayeangalia jinsi milango ya kusema ilivyofungwa mmoja baada ya mwingine ataona kwamba waliobaki nje walikuwa wamefundishwa na serikali yenyewe kuwa lugha inayosikika ni moja tu.

Swali hilo halikuzikwa siku ya uhuru, tarehe 12 Desemba 1963. Kaunti ya Taita Taveta, ambayo zaidi ya nusu ya ardhi yake imo ndani ya mbuga za Tsavo, imekuwa ikidai mgawo wa mapato ya mbuga hizo, na imekuwa ikivutana na Kaunti ya Kwale kuhusu mpaka na ushuru wa mji wa Mackinnon Road. Tofauti na zamani ni kwamba madai hayo leo yanasemwa katika bunge la kaunti, katika Seneti na mahakamani, mbele ya watu waliochaguliwa na wanaoweza kuondolewa kwa kura, na thamani ya vyombo hivyo itapimwa na jambo moja tu, kwamba mlipa ushuru wa Voi au Sagalla anapouliza fedha yake imekwenda wapi anaonyeshwa hesabu.